Jumanne Isiyo na Karamu

Barua ya Tucson ilifika asubuhi, ya Ithaca jioni,
zote mbili zikianza na neno Hongera,
zote mbili zikitaja Ijumaa ileile,
tarehe kumi na tatu, Machi.
Nilizisoma nimesimama jikoni, glavu mkononi,
theluji ya Bismarck ikiyeyuka juu ya zulia la mama.

Miaka minne nimeomba mlango mmoja unifungukie.
Sasa imefunguka miwili kwa mpigo,
na mimi nina miguu miwili tu
ambayo haijazoea kwenda mbalimbali.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi.
Lakini fisi alifuata harufu ya nyama;
hakuna aliyemlipia nauli,
hakuna aliyemuuliza kama karanga zinamdhuru,
wala hakutakiwa kujibu kabla ya Jumatatu adhuhuri.

Kwenye friji ipo kalenda ya duka la mbegu.
Mraba wa kumi na tatu niliupaka wino mwekundu,
kisha wa buluu juu yake,
ukawa zambarau, rangi ya jeraha la siku mbili.
Mama, ametoka zamu ya usiku hospitalini,
akautazama huku akivua viatu:
"Si uwaambie tu?"

Tu! Neno jepesi kwa asiyeliandika.
Niliandika rasimu saba.
Ya kwanza ilipiga magoti.
Ya tatu ilidanganya: ilitaja harusi ya binamu Sunniva,
ambaye hata mchumba hana.
Ya sita ilikuwa na "samahani" tano;
nikazing'oa moja moja kama kupe wa mbwa,
nikabakiza moja, kwa adabu.
Ya saba ilisema kweli:
Nimealikwa kwingine siku hiyohiyo,
na huko nilikubali kwanza. Bado nataka kuwaona.
Je, ipo siku nyingine?

Nikabonyeza, nikatoka nje kukwangua barafu kwenye gari
ambalo sikuwa na safari nalo.

Bi Dolores Kuczynski, katibu wa idara, alijibu kwa mistari mitatu:
Njoo Jumanne, tarehe kumi na saba.
Hakutakuwa na karamu wala hotuba ya mkuu.
Utatukuta tulivyo.

Tucson walinipokea kwa machungwa
na beji yenye jina langu, Maren Tvedt, herufi zote sahihi.
Kila mwanafunzi alitabasamu mpaka mashavu yakachoka.
Niliuliza kuhusu posho, wakanionyesha milima.

Ithaca, Jumanne, sinki la maabara limejaa vyombo,
Profesa Ashworth kasahau kwamba naja,
na kijana aitwaye Thaddeus kalalia meza,
shavu lake limepigwa chapa na waya wa daftari.
Aliamka, akanigawia nusu ya mkate wake,
akanitajia kodi ya chumba chake, hadi senti,
na mwezi ambao alilia,
na nani alimshika mkono mwezi huo:
profesa yuleyule msahaulifu.
Kisha akanipa udongo kwenye kopo, ninuse.
Udongo wa msituni, baada ya jalidi.

Ningependa kusema nilichagua Ithaca.
Shairi lingekaa vizuri.
Nilichagua Tucson: kuna deni la meno ya mama,
na kuna mchanga wa jangwa
ambao nimeuandikia tangu mwaka wa pili bila kuukanyaga.
Ila kwanza niliwapigia simu na maswali ya Jumanne,
nani alilia, nani alimshika mkono,
na safari hii waliiacha milima, wakajibu.

Barua ngumu ilikuwa ya kumwambia Bi Dolores hapana.
Rasimu moja. Sikungoja siku ya mwisho.
Alijibu kabla chai yangu haijapoa:
Asante kwa kusema mapema.
Nafasi yako imempata msichana mmoja wa Duluth
aliyekuwa akingoja tangu Februari.

Jina lake silijui.
Namwona tu amesimama jikoni kwao, glavu mkononi,
akisoma neno Hongera
mara moja, likamtosha.